Mfumo Uko Sawa

Hongera, umenunua mfumo. Oda zinajituma zenyewe, ankara zinalinganishwa zenyewe, malipo yanatoka yenyewe saa 10 jioni na hakuna mtu anayesaini chochote. Ukutani ofisini kwako kuna televisheni kubwa yenye vidoa vya kijani, na wageni wakija huitazama kwa heshima ambayo zamani ilikuwa ya picha ya harusi. Limebaki jambo moja tu: hatari ikianza kutembea ndani ya mfumo huo, mchana kweupe, watu wote wakiwa kazini, wewe usiijue mpaka wakaguzi waje mwezi Machi.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mashine zina kiherehere, ukiziacha zitasema. Zinaandika kila kitu, zinatuma barua pepe usiku, zinawasha taa nyekundu hata siku ya sherehe ya kumuaga mkurugenzi. Nimekaa kwenye uhasibu na mifumo muda wa kutosha kuwaona mameneja walioshindwa, wale maskini waliojikuta wanagundua tatizo likiwa bado dogo na kulazimika kulishughulikia. Mwongozo huu ni kwa ajili yako ambaye hutaki kufikia huko.

Anza na barua pepe. Wanagenzi hukimbilia kuzima tahadhari zote. Usizime kabisa, maana wakaguzi wakikuta zimezimwa una maelezo ya kuandika. Njia ya kistaarabu ni kuziacha ziende kwa watu wote. Ujumbe wa watu wote ni kama bomba la mtaani: likianza kuvuja kila nyumba inasubiri nyumba ya jirani imwite fundi.

Mabingwa wa njia hii walikuwa Knight Capital wa Jersey City, Marekani, kampuni iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Tarehe 1 Agosti 2012 walikuwa wanaanza kutumia programu mpya kwenye seva 8. Fundi alikuwa ameiweka kwenye seva 7. Ya nane ilimpita, na hapakuwa na fundi wa pili wa kupitia kazi yake. Humo kwenye seva ya nane ilikuwa imelala programu ya zamani, Power Peg, ambayo ilikuwa imeachwa kutumika tangu 2003 na hakuna aliyejisumbua kuifuta. Balaa ni kwamba swichi iliyokusudiwa kuwasha programu mpya ndiyo ileile iliyokuwa ikiwasha ya zamani.

Saa 2 na dakika 1 asubuhi, soko likiwa bado limefungwa, mfumo ulianza kutuma barua pepe. Hazikuwa za mafumbo. Ziliitaja Power Peg kwa jina. Mpaka soko linafunguliwa saa 3 na nusu zilikuwa zimefika 97. Ziliingia kwa wafanyakazi kadhaa, na hakuna aliyeinua simu, kwa sababu katika utaratibu wa kampuni barua hizo hazikuhesabiwa kuwa tahadhari. Zilikuwa barua tu, kama zile za kukumbushwa kubadili nywila.

Hebu fikiri, dakika 89! Mtu anakunywa chai, anakula chapati mbili, anamalizia na magazeti, na bado muda wa kuzima seva moja anao.

Soko likafunguliwa. Oda 212 za wateja wa kawaida ziliingia kwenye seva ile, nayo ikaanza kuzitimiza, ikazitimiza tena, na tena. Kile kihesabio cha kuiambia kwamba oda imetosha kilikuwa kimehamishiwa sehemu nyingine ya programu mwaka 2005, na hakuna aliyejaribu kuona kama Power Peg bado inakisikia. Ndani ya dakika 45 kulikuwa na miamala milioni 4 na hisa zaidi ya milioni 397. Hasara ilipita dola milioni 460. Katikati ya moto huo mafundi, kwa nia njema, waliiondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa zinafanya kazi vizuri. Kwa hiyo badala ya kichaa mmoja wakawa nao wanane. Mwaka uliofuata kampuni ikamezwa na nyingine.

Sasa utaona kwa nini nasisitiza anwani ya kundi. Lingewekwa hapo jina la mtu mmoja, mwenye simu moja, mwenye ruhusa ya kuzima bila kuomba ruhusa, historia ya kampuni ile ingekosa msisimko.

Somo la pili nililipata kwenye sabuni.

Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa, ghala letu likiwa Dar es Salaam. Sabuni ya mche ilikuwa na utaratibu mzuri: tukiuza kama katoni 20 kwa siku, salio likishuka chini ya katoni 200 mfumo unaagiza katoni 500, fuso moja linajaa. Fuso la sabuni lilikuwa linakuja kama mara moja kwa mwezi. Jumatatu moja mtu alisafisha orodha ya bidhaa kwenye kompyuta, na katika kusafisha huko kipimo cha sabuni upande wa kupokea mzigo kikageuka kutoka katoni kuwa kipande. Upande wa kuagiza kikabaki katoni.

Fuso likaja na katoni 500. Stoo wakaandika 500. Mfumo ukasoma vipande 500, na kwa kuwa katoni ina vipande 24, ukahesabu kwamba zimeingia katoni 20 na chenji. Siku hiyo tukauza 20. Salio likabaki palepale, chini ya 200. Mfumo, kwa uaminifu wa mtumishi wa zamani, ukaagiza 500 nyingine. Zikaja, zikaandikwa, zikageuka kuwa 20, tukauza 20. Ulikuwa ni mtu anayejaza pipa lililotoboka huku akilisifu kwa kutomwaga maji nje.

Na ukaguzi? Ulikuwepo, tena mkali. Mfumo ulilinganisha oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara kabla ya kulipa. Oda 500, mapokezi 500, ankara 500. Kijani. Haukutazama kipimo, ulitazama namba. Kila oda ilikuwa chini ya kikomo kinachohitaji saini ya mkurugenzi. Kila malipo yalitoka kwa wakati, na mwenye kiwanda alitupigia simu kutushukuru kwa kuwa wateja wa mfano. Ungechukua fuso lolote kati ya yale, ukalikagua peke yake kuanzia getini mpaka benki, usingeona kosa.

Aliyeona ni mlinzi. Mzee wa makamo ya kustaafu, ana kibanda cha mabati getini, redio ya betri, na kaunta buku lenye jalada lililofunikwa gazeti. Siku hiyo nimetoka kununua vocha, nikamsalimia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mhasibu, hebu njoo kidogo. Hii sabuni mnaipeleka wapi?”

“Sabuni gani?”

Akafungua daftari. Mistari ameichora mwenyewe kwa rula: saa, namba ya gari, namba ya hati, mzigo. Kwenye safu ya mzigo, mstari wa juu ameandika SABUNI kwa herufi kubwa, na chini yake vijialama vya “kama juu”, kimoja chini ya kingine. Tulivihesabu wote wawili kwa kidole. Pamoja na wa kwanza vilikuwa 9.

“Nikasema labda mmepata tenda ya jeshi,” akaniambia.

Katoni 4,500. Zilikuwa zimeshapandishwa mpaka zinagusa taa, na nyingine ziko nje chini ya turubai. Kwenye televisheni ya ukutani salio la sabuni lilikuwa kama katoni 150, kijani, na oda ya kumi ilikuwa njiani.

Yuko profesa mmoja wa Kiholanzi, Wil van der Aalst, ambaye amejenga taaluma nzima ya kuchimba kumbukumbu za mifumo ili kuona kazi inavyokwenda kwa kweli, siyo ilivyochorwa kwenye karatasi ya mshauri. Ukitaka kuanza uchimbaji huo unatakiwa kuwa na vitu vitatu kwa kila tukio: namba ya jambo lenyewe, kilichofanyika, na saa kilipofanyika. Ukivipanga vitu hivyo kwa mfuatano, kazi ikiwa bado inaendelea, unaona lori la mwezi limegeuka kuwa lori la kila siku. Mzee wetu alikuwa navyo vyote vitatu, na cha nne, namba ya gari, alikiongeza kwa hiari yake. Daftari lake aliuziwa shilingi za kawaida pale dukani. Mfumo wetu bei yake sitaitaja, kuna watu wana presha.

Kwa hiyo, msomaji wangu mpenda utulivu, hakikisha vitu hivyo vitatu havikutani chumba kimoja. Manunuzi wakae na namba, stoo wakae na tukio, saa aachiwe mlinzi. Mifumo mingi itakusaidia katika hili bila kuombwa: inazikusanya kazi za siku nzima, inaziingiza saa 6 usiku na kuzigongea zote mhuri wa saa ileile. Ukisoma kumbukumbu zake utaamini kwamba kampuni yenu inafanya kazi kwa sekunde moja kila siku, na muda uliobaki watu wanapumzika. Kwa baadhi ya idara, hapo mfumo haujakosea sana.

Tukio linalojirudia linatosha kwa sabuni. Kuna hatari nyingine ya hila zaidi, ambayo hujulikana kwa kitu kutotokea, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kutoiona. Kanuni yake ni hii: kimya ni amani. Mama yeyote mwenye watoto wadogo atakubishia, kwa sababu yeye watoto wakinyamaza ghafla chumba cha pili huacha mboga jikoni akaenda kuangalia. Lakini mama huyo hana televisheni ya vidoa vya kijani.

Benki Kuu ya Bangladesh, pale Dhaka, ilikuwa na printa iliyochapa usiku na mchana kila ujumbe wa malipo uliopita kwenye mtandao wa SWIFT. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 5 Februari 2016, watumishi walikuta trei ya printa ni tupu. Hakuna ofisi duniani ambapo printa ikigoma mtu anashtuka. Printa imezaliwa kugoma. Wakaichukulia kama shida ya kila siku, na Ijumaa kule ni mapumziko. Usiku wa kuamkia siku hiyo wezi waliokuwa wameingia kwenye kompyuta za benki walikuwa wametuma maagizo 35 kwenda New York, zilikowekwa akiba za nchi, wakiomba zilipwe karibu dola milioni 951. Printa ilikuwa imefungwa mdomo makusudi. Ilipokuja kufufuka ilitapika maswali kutoka New York: mbona maagizo haya yako hivi, mmekusudia kweli? Wakati huo New York nayo ilikuwa kwenye wikiendi yake. Na Jumatatu, Manila, ambako fedha zilikuwa zimefikia, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Wezi walizisoma kalenda tatu. Wenye benki walikuwa na printa moja.

Dola milioni 81 zilifika Manila, na sehemu kubwa ikapitia kwenye kasino. Kwa nini hazikuwa milioni 951? Kuna waliokuwa na tahadhari kali mno? Hapana. Tawi la benki lililotajwa kwenye maagizo lilikuwa barabara ya Jupiter, na Jupiter lilikuwa pia jina la meli iliyokuwa kwenye orodha ya vikwazo dhidi ya Iran. Mashine ya New York ikashtuka kwa sababu isiyo yake, na maagizo mengi yakasimamishwa. Agizo jingine la dola milioni 20, lililokuwa likienda Sri Lanka, lilikwama kwa sababu mwizi aliandika “Fandation” pale palipotakiwa “Foundation”, na karani wa benki ya katikati ya njia akaona aulize. Kwa hiyo kama hujaweka bado utaratibu wowote wa kugundua hatari, omba tu mwizi wako awe alitoroka vipindi vya imla.

Kuhusu macho mengi sitasema sana. Watu wanadhani watu watatu wakiidhinisha malipo, hatari itaonwa angalau na mmoja. Citibank walikuwa nao watatu mwezi Agosti 2020. Walitakiwa kuwalipa waliokuwa wameikopesha Revlon, kampuni ya vipodozi, riba ya kama dola milioni 7.8. Skrini ilikuwa na visanduku vitatu vya kujaza, wakajaza kimoja, na zikaondoka karibu dola milioni 900. Wa kwanza alimwamini wa pili, wa pili alimwamini wa tatu, wa tatu aliwaamini wote wawili. Walikuja kushtuka kesho yake, na kesi ya kurudishiwa fedha ambazo waliolipwa walikataa kuzirudisha ilikwenda mpaka Septemba 2022. Ongeza wa nne ukipenda. Atawaamini watatu.

Ikitokea licha ya juhudi zako zote mtumiaji mmoja akapiga simu kulalamika kwamba hesabu za mfumo haziendi, usibabaike. Mwambie: ni wewe peke yako. Sentensi hii ina nguvu kuliko programu yoyote. Posta ya Uingereza iliitumia kwa miaka. Mfumo wao wa hesabu, Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulianza kusambazwa kwenye matawi mwaka 1999, na ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wenye matawi walipiga simu za msaada, na wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Kila lalamiko lilifungwa peke yake, kama lilivyokuwa kila fuso la sabuni. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kupotosha hesabu. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba kulipa deni la kompyuta. Mahakama Kuu ilikuja kusema Desemba 2019 kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Hapa kejeli inanishinda kidogo, nisamehe. Karatasi moja tu ilihitajika pale kwenye meza ya simu, ya kuweka alama kila anapopiga mtu mwenye shida ileile.

Turudi kwenye furaha. Tahadhari zikizidi, panua vikomo mpaka zinyamaze. Malipo yanayofanana yakionekana mara mbili kwa wiki na mashine inapiga kelele, iambie ipige kelele yakifika manne. Yakifika manne, sema sita. Kikomo cha saini kiwe shilingi milioni 1 na kitangazwe kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, ili yeyote mwenye shughuli zake ajue kugawa malipo yake kwenye ankara za 990,000. Mwisho wa mwezi, foleni ya malipo ikiwa ndefu, zima kabisa ile kanuni ya kukamata ankara zilizorudiwa, “kwa muda”. Niliwahi kuuliza ofisi moja kanuni hiyo ilizimwa lini kwa muda. Kijana wa IT aliyeizima alikuwa ameshaacha kazi, ameoa, ana watoto wawili.

Usisahau pia kuwaadhibu wanaogundua. Sisemi uwafukuze, hilo linaonekana. Wape kazi ya kuandika taarifa. Mtu akisema ameona kitu, mwambie alete maelezo kwa maandishi, kurasa tano, na picha, na mapendekezo, na gharama za mapendekezo, kabla ya Ijumaa. Mara ya pili akiona kitu atatazama pembeni.

Mzee wetu wa getini hakuandika taarifa. Sabuni ile tuliiuza kwa punguzo karibu mwaka mzima, na mpaka leo harufu yake nikiisikia najua nilikuwa wapi. Uongozi, kwa kutambua mchango wake, uliamua kuiboresha idara ya ulinzi. Wakanunua kishikwambi, wakamfundisha asubuhi moja, na kaunta buku likachukuliwa kuwekwa kwenye kabati la kumbukumbu. Kwenye kishikwambi gari likiingia anabonyeza GARI, mtu akiingia anabonyeza MGENI. Mahali pa kuandika mzigo hapakuwekwa, kwa sababu habari za mzigo tayari ziko stoo.

Wiki chache baadaye nilipita tena kutafuta vocha. Kishikwambi kilikuwa dirishani kinachajiwa. Mzee alikuwa ameinama juu ya kitu magotini, na aliponiona akakisogeza kidogo chini ya koti, kisha akabadili mawazo. Daftari jipya, dogo, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

“Chumvi,” akasema. “Nne tangu Jumanne.”

Nilirudi ndani moja kwa moja, nikasimama mbele ya televisheni. Chumvi ilikuwa kijani.